Mistari Miwili Ukingoni

Jumatatu, 3 Machi

Uzembe! Wameandika uzembe!

Miwani Mbili kaniletea hapa kibandani kurasa za kitabu cha Chama cha Wakusanya Sarafu. Fotokopi tu, chenyewe bado hakijaenda kwa mchapaji. Huyu Miwani Mbili anauza sarafu za zamani pale chini ya ngazi, anavaa miwani ya kusomea juu ya miwani ya kuonea mbali, na bado hukosea. Lakini leo hakukosea. Ukurasa wa arobaini na moja. Picha ya sarafu ya samaki, yenye ufa unaotoka ukingoni mpaka jichoni. Wakusanyaji wanaiita Samaki Anayelia. Chini ya picha: "Kosa hili lilitokana na uzembe wa fundi mfunga chapa wa zamu, ambaye aliachishwa kazi."

Fundi mfunga chapa wa zamu ni baba yangu.

Jina hawakulitaja. Wamestaarabika sana! Kila aliyewahi kukanyaga kiwanda kile cha sarafu anamjua.

Na aliyeandika ni nani? Msimamizi. Yuleyule aliyetia saini barua ya kumfukuza Baba miaka thelathini na moja iliyopita. Siku hizi ni mwenyekiti wa chama, mzee wa suti na kikohozi cha heshima. Kumfukuza mara moja hakukumtosha. Sasa anamfukuza tena, kwa picha za rangi.

Nilikuwa nimeshika saa ya mteja. Mkono wa dakika umevunjika vidoleni mwangu. Nimekaa nimeukodolea macho kama mjinga.

Jumanne, 4 Machi

Zile kurasa nimezificha kwenye droo ya betri. Baba asizione. Ana miaka sabini na minane, anakaa na redio yake karibu na dirisha, na leo kaniuliza mbona nafunga milango kama naidai. Nimemwambia ni upepo. Hakuna upepo wowote.

Hadithi yenyewe naijua kuliko jina langu. Chapa ni kile chuma chenye picha kinachogonga sarafu. Ikipata ufa, fundi anaikata mistari miwili ukingoni kwa tupa – maana yake imekufa – halafu anaitupa kwenye sanduku la chapa zilizokufa. Baba anasema aliuona ufa, akaikata mistari yake miwili, akaitupa. Mtu mwingine akaitoa sandukuni na kuirudisha mashineni. Maelfu ya sarafu yakatoka na ufa. Msimamizi akasema hapana, fundi hakuuona ufa tangu mwanzo, alikuwa kasinzia. Na chapa yenyewe ikayeyushwa wiki ileile. Hapo sasa! Ushahidi ukawa uji.

Fundi wa mashine ya tani mia akaishia kubadilisha zipu za mabegi. Hakupewa hata barua ya utumishi. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Shuleni waliniita Binti Ufa.

Aliyenisimulia zaidi ni Mama, si Baba. Mama naye alikuwa kiwandani, kwenye meza ya kuchagua, wanawake kumi na wawili wakizipitia sarafu kwa mkono na kutoa mbovu. Mama ndiye aliyenifundisha kumchukia Msimamizi. Alikuwa na jina lake la kumwita, sitaliandika hapa. Miaka sita iliyopita, siku tuliyomzika, Msimamizi alikuja na suti yake nyeusi. Nilimzuia getini, watu wote wanaona. Nikamwambia toka. Akatoka, hakubisha.

Sijutii hata kidogo.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeipata. Nimeipata! NIMEIPATA!

Niandike taratibu. Mchana nilifunga kibanda, nikashuka kwa Miwani Mbili kumtolea povu kuhusu kile kitabu. Huku natoa povu, mikono yangu ikawa inachakura bakuli lake la mbovu – zile zilizotobolewa, zilizopinda, zilizokwaruzwa, ambazo huwauzia watu wa vishaufu. Mikono ina akili kuliko mdomo wangu. Ikaibuka na Samaki Anayelia. Na pale ukingoni, juu ya ule ufa, mistari miwili.

Miwani Mbili akasema hiyo imekwaruzwa, dada, chukua tu, haina maana.

Sasa ndiyo kazi yangu hii. Kilichochimbwa kwenye chapa hutokea kimeinuka kwenye sarafu. Mkwaruzo wa msumari, wa ufunguo, wa mtoto mtundu, huo unazama. Nimeipeleka chini ya taa, nikaulaza mwanga ubavuni, nikaweka lenzi jichoni. Kivuli kimeanguka upande wa nje, mbali na taa! Sikuamini. Nikachukua kijiti cha kuchokolea meno, nikapitisha ncha polepole. Imepanda. Ikashuka. Ikapanda tena. Ikashuka.

Mistari imeinuka. Yote miwili. Maana yake chapa ilikatwa mistari KWANZA, ndipo ikagonga sarafu hii. Maana yake Baba aliiua, na mtu akaifufua.

Miaka kumi na miwili nimetazama Samaki Anayelia zaidi ya mia tatu. Zote zina ufa, hakuna hata moja yenye mistari, na kila moja ilikuwa inamwambia Baba kwamba ni mwongo. Nimezitazama na kuzirudisha nikiwa nimeuma meno. Leo meno yangu yamepumzika.

Nimelipa upesi, kabla hajavaa miwani ya tatu.

Ijumaa, 7 Machi

Kaka ana mdomo! Huyu kaka yangu anauza tairi, na humsemesha kila mtu kama mteja wa tairi. Nilimwambia jana jioni, nikamsihi: ngoja, Baba nitamwambia mwenyewe. Asubuhi nimeamka, kuna kundi la wasap, "Haki ya Baba". Kufikia mchana watu arobaini na watatu. Mashangazi, majirani, mafundi wa zamani ambao sijui walikuwa wapi miaka thelathini na moja. Kuna mmoja katuma kopa kumi na njiwa wa amani. Huyo ndiye aliyeacha kumsalimia Mama sokoni.

Baba nimemkuta ameshaambiwa. Kwa simu! Nilitaka nione uso wake nikimwambia. Nimenyimwa.

Akaomba aione. Nikampa na lenzi. Amekaa nayo muda mrefu, kaigeuza, kairudia. Akauliza imetoka wapi. Nikamwambia. Akauliza tena. Kisha:

"Ziko ngapi?"

Nikasema moja tu, Baba, ila moja inatosha. Akashusha pumzi na kunirudishia. Nilidhani angelia. Akaomba redio iongezwe sauti.

Furaha ya wazee labda ndivyo ilivyo. Mimi ningevunja viti.

Jumapili, 9 Machi

Nimempigia Msimamizi. Sikumpa shikamoo. Nimemwambia nina sarafu, ina mistari miwili, imeinuka, na kitabu chake kitabadilika au nitakwenda nayo kwenye mkutano wao wa Jumamosi niwawekee mezani.

Akakohoa. Akasema njoo Jumanne nyumbani, mwanangu, na lenzi yako njoo nayo.

Mwanangu! Mwana wa nani?

Jumanne, 11 Machi

Siandiki vizuri. Mkono mzito.

Sebule yake ina makochi yenye plastiki bado, mtu ukikaa unalia chini kama bata. Sikukaa. Nikaweka sarafu mezani, juu ya kitambaa changu mwenyewe. Akavuta taa, akalaza mwanga ubavuni – anajua kazi, siwezi kumnyima hilo – akatazama.

Akasema ni kweli. Imeinuka. Ni mistari ya baba yako, mstari wa pili alikuwa anaukata mfupi.

Nikafunguka. Nilichosema sikikumbuki chote. Nilisema mwongo, nilisema umekula miaka ya mtu, nilisema Mama amekufa na donge kooni. Mkewe alitokeza mlangoni akarudi. Yeye akanisubiri nimalize, kama mtu anayesubiri mvua ipite.

Kisha akasema: "Tazama chini ya mkia."

Nikatazama. Kuna nukta. Kanukta kadogo, kameinuka, kama ncha ya sindano. Nimekaona mara mia tatu, kwenye kila Samaki Anayelia, nikadhani ni sehemu ya picha.

"Ngapi?"

Mbili. Kwenye hii ziko mbili.

Akafungua kisanduku chake, akatoa Samaki Anayelia nyingine, ya kawaida, isiyo na mistari. Nukta moja. Akaniambia jambo ambalo wakubwa wa kiwanda hawakulijua, la mafundi wenyewe kwa wenyewe. Kila fundi akifunga chapa mashineni aligonga nukta moja kwenye ile chapa, mahali pake alipochagua, ili chapa ikiyumba wasisingiziane. Mmoja nyuma ya pezi. Mwingine chini ya tarehe. Baba yako, chini ya mkia. Ukifunga mara mbili, unagonga mara mbili.

Nukta ya kwanza, Baba alipoifunga ikiwa nzima. Ya pili – hii ya pili iko tu kwenye sarafu yenye mistari.

Nikasema mtu mwingine angeweza kugonga mahali pa Baba. Akasema angeweza. Itazame umbo lake. Nimeitazama. Msumari wa Baba wa kugongea ulikuwa umelika upande mmoja, nukta yake si duara, imechongoka kama chozi. Zote mbili zimechongoka. Nilijua hata kabla sijaweka lenzi.

Anasema aliziona siku ileile, kwenye chapa yenyewe, alipoitoa mashineni. Anasema aliyeiyeyusha ni yeye. Kuirudisha makusudi chapa iliyokufa kuliitwa hujuma, na hujuma ni jela. Kutouona ufa ni uzembe, na uzembe ni kufukuzwa tu. Akachukua kalamu akaandika uzembe.

Nikamuuliza mbona hukusema! Miaka yote hii tunakutukana! Akasema nimwambie nani. Akasema siku ya mazishi ya Mama alikuja kwa sababu walikuwa wafanyakazi wenzake, basi.

Ananiachia nichague. Kitabu kinakwenda kwa mchapaji Jumatatu. Nikitaka, atafuta lile neno, ataweka sarafu yangu ukurasa mzima, picha kubwa, na jina la Baba kama fundi aliyeikata chapa. Lakini picha kubwa ni picha kubwa. Wenye lenzi watahesabu.

Nimetoka bila kuaga. Hasira ninazo tele, pa kuziweka ndipo sina.

Jumatano, 12 Machi

Ninazo kumi na tisa nyumbani. Nimezipanga zote kwenye kitambaa. Chini ya mkia: moja. Moja. Moja. Moja. Nimehesabu mpaka jicho likatoa machozi ya uchovu.

Miaka kumi na miwili ananiona nakodoa macho kwenye samaki hawa na hakuwahi kuniambia habari za nukta. Kaniambia habari za tani, za mafuta, za jinsi vipande vitupu vinavyopikwa vilainike kabla ya kugongwa. Za nukta, kimya!

Mteja kaniuliza saa yake tayari? Nimemfokea. Mama wa watu, kaja na mjukuu. Nimeomba radhi, nikamtengenezea bure, na bado najisikia vibaya.

Kaka kapiga. Jumamosi mkutanoni atakuja mwandishi wa gazeti. Baba atapigwa picha akiwa ameshika sarafu. Kaka kamnunulia koti jipya. Anauliza mbona sichangamki, si nilikuwa mimi niliyeanzisha. Nimekata simu.

Alhamisi, 13 Machi

Sijamuuliza. Nimepika, tumekula, sijamuuliza. Amejaribu koti. Linamkaa.

Ijumaa, 14 Machi

Nimemuuliza.

Alikuwa anakata kucha juu ya gazeti. Nimeweka sarafu mbele yake na lenzi juu yake. Nikasema, Baba, nukta ya pili chini ya mkia ni ya nani?

Mkasi umesimama. Hakushika lenzi. Hakuitazama hata sarafu. Alinitazama mimi, kisha akatazama kucha zake, akasema polepole:

"Mama yako aliniambia amezitoa zote."

Redio ilikuwa inasoma bei za mbolea.

Mama. Mama wa meza ya kuchagua! Kachagua, kweli kachagua! Asubuhi nzima, kiganja kwa kiganja, kila sarafu yenye mistari ikaingia kwenye ndoo ya kuyeyushwa bila kuonyeshwa mtu. Zenye ufa tu zilikuwa zimeshatoka siku zilizotangulia, ufa ulikuwa bado unywele, hakuna aliyeuona. Hizi za mistari alizitoa yeye. Moja imemponyoka. Mimi nimeitafuta miaka kumi na miwili ile moja, kwa ajili yake!

Na akakaa jikoni kwake akanifundisha kumchukia mtu. Alijua. Kila alipolitaja lile jina lake, alijua.

Nikamuuliza kwa nini uliirudisha. Nilitarajia – sijui nilitarajia nini. Njaa. Amri. Kutishwa. Kitu kizito cha kubeba miaka thelathini na moja.

Wageni, anasema. Wageni wa mkurugenzi walikuwa wanakuja saa nne. Chapa mpya ilikuwa haijafika. Mashine zote zilikuwa zinazunguka isipokuwa yake. Akaona aibu kusimama kando ya mashine iliyolala, mikono nyuma. Akasema itagonga kwa muda wa saa mbili tu, kisha ataitoa. Wageni walipita. Wala hawakusimama kwake.

Aibu! Kwa ajili ya wageni ambao hawakusimama!

Nimemwambia maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi. Nimemwambia nimemfukuza mtu msibani kwa sababu yenu. Nimemwambia niliitwa Binti Ufa. Hakujitetea. Kakunja gazeti na kucha zake ndani, kaenda kulitupa, karudi kakaa. Ningependa ajitetee. Ningepata wa kugombana naye.

Jumamosi, 15 Machi

Saa mbili asubuhi. Mkutano ni saa nne.

Naandika kwenye meza yangu ya kazi, hapa chumbani. Sikumwambia Kaka. Mara tatu nimeshika simu, mara tatu nimeiweka. Kundi la wasap limefika watu sabini. Shangazi katuma picha ya keki.

Nilidhani Baba hatakwenda. Nilidhani baada ya jana atasema anaumwa, na mimi ningemsaidia kuumwa. Kaamka kabla yangu. Kanyoa ndevu. Kavaa koti jipya na viatu vya harusi ya Kaka.

Amekuja hapa, kasimama nyuma yangu. Sikugeuka. Kaniambia hajawahi kuomba kitu kwangu. Ni kweli, hajawahi. Hata dawa hunong'ona. Kasema Msimamizi hatasema, huyo angetaka kusema angeshasema zamani. Kasema wengine wote waliojua habari za nukta wamekufa. Anataka asubuhi moja tu, mbele za watu, wamwite fundi.

Kisha kaweka kidole mezani, karibu na tupa zangu ndogo, hakuzigusa.

"Wewe ni fundi, mama. Nukta ni ndogo."

Ameniita mama. Huniita hivyo nikiwa naumwa.

Hasira zimenipanda mpaka masikioni. Mimi! Mimi ninayewatukana wanaochokonoa sarafu, ninayemwambia Miwani Mbili kwamba mtu anayetia tupa kwenye sarafu ni sawa na anayefuta jina kaburini! Nikasema toka, Baba. Kwa sauti ileile ya getini, nimeisikia mwenyewe. Akatoka, hakubisha.

Yuko garini sasa. Namwona dirishani, kakaa mbele, mkanda kaufunga, mikono magotini. Kaka anampangusa kitu begani na kucheka. Sijamwona Kaka akicheka hivyo tangu tukiwa watoto.

Inaweza kutoka, ile nukta ya pili. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote. Naijua tupa ya kutumia, na naijua dawa ya kurudishia chuma weusi wake. Dakika tano. Mwandishi wa gazeti hataona. Miwani Mbili hataona hata akivaa nne. Msimamizi ataona, na atakohoa, na atanyamaza kama alivyonyamaza siku zote, na mimi nitakuwa wa nne kwenye mambo haya.

Kaka anapiga honi. Nimemwambia dirishani nakuja.

Anapiga tena.

Sarafu iko kwenye jiriwa, mkia juu, imebanwa. Sikumbuki nimeiweka saa ngapi.